Debe la viungo lionekane kuukuu: kutu ya kweli, rangi ya kuigiza, au mvua?

Mama Nanaa (Jinja)
Jamani, nisaidieni kabla sijaharibu. Nina debe la samli na ndoo ndogo ya bati niliyoachiwa na mama mkwe. Nataka kupandia dania, nanaa na rozmari hapo barazani, lakini vyombo vinang'aa utadhani vimetoka dukani leo asubuhi. Navitaka vya kizee, vyenye kutu. Nimesikia siki na chumvi, nimesikia rangi ya kuigiza kutu, na jirani anasema niviache tu mvuani. Mngechagua ipi, kwa kuwa tutakula kinachoota humo?

Mkono wa Chuma (Katwe)
Dada, kwanza ujue umeshika chuma gani. Leta sumaku. Isiposhika, huenda ni alumini, na hiyo haitoi kutu hata uiombee. Debe la samli ni chuma chenye utando mwembamba sana wa kukinga kutu, msasa ukipita vizuri unatoka. Ndoo ndiyo kazi: ile imevishwa zinki, na zinki iliwekwa makusudi ili kutu isiingie. Piga msasa mkavu wa chembe kubwa mpaka uone rangi ya chuma chenyewe, ukiwa umefunga pua na mdomo. Wako wanaoichoma zinki kwa moto. Mimi ni mchomeleaji, nakukataza: ule moshi mweupe utakulaza na homa usiku kucha.

Halafu changanya vikombe 2 vya haidrojeni peroksaidi ya 3% (ipo duka la dawa), vijiko 4 vya mezani vya siki, na nusu kijiko cha mezani cha chumvi. Nyunyizia nje tu, juani. Itatoa povu, na dakika chache utaona rangi ya chungwa. Ikauke, rudia mara tatu nne. Changanya ya kutosha siku hiyo tu. Ukiifungia kwenye chupa inajaa gesi na chupa inaweza kupasuka. Na usithubutu kuweka dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe pamoja na siki, hewa yake ni sumu.

Jajja Rozmari (Mbarara)
Mwanangu Mkono wa Chuma kasema vizuri, ila hajasema habari ya sakafu. Kutu ya kweli inalia. Kila ukimwagilia, machozi mekundu yanashuka kwenye saruji, na hayatoki. Baraza langu lina duara tatu mpaka leo, wageni wanadhani ni urembo.

Sasa napaka rangi. Msasa kidogo, rangi nyeusi isiyong'aa, ikikauka nachukua kipande cha sponji nagusagusa kahawia, kisha chungwa kidogo kwenye mikunjo na chini ya mpini, maana kutu huanzia maji yanapotuama. Kabla haijakauka narushia mdalasini wa unga ili ipate mkwaruzo. Ukipaka sawasawa kila mahali itaonekana debe lililopakwa rangi ya kahawia, basi.

Kavera Hapana (Gulu)
Mimi nililiacha mvuani tangu Machi. Debe la samli lilishika kutu kwenye mikunjo tu. Ndoo ya bati? Ilipauka tu. Jirani yako ana subira kuliko mimi.

Mkono wa Chuma (Katwe)
Jajja, nimekubali la sakafu. Kutu ikikauka, futa vumbi lake kwa kitambaa, paka vanishi isiyong'aa mara mbili, inua debe juu ya vipande vya tofali. Machozi yatapungua sana, ingawa sitaapa kwamba yatakwisha.

Shamba Darasa (Entebbe)
Swali la kula halijajibiwa. Kutu yenyewe ni chuma, haitaua mtu. Ninachoogopa ni kopo lenye rangi ya zamani, maana inaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Hilo usilipige msasa wala usipandie chakula. Kwa mengine, tia mmea kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, kisha ukitumbukize ndani ya debe. Udongo haugusi zinki wala siki, na debe halitoboki upesi.

Debe nalo litobolewe chini, matundu sita hivi kwa msumari mnene, ukiwa umeliegemeza kwenye gogo lisibonyee. Nanaa ipewe chombo chake, ni mchoyo, mizizi yake itafukuza wengine. Rozmari haitaki maji mengi, usiichanganye na dania. Na jua la alasiri huchemsha bati, weka upande wa jua la asubuhi.

Mama Nanaa (Jinja)
Asanteni. Sumaku imeshika vyote viwili. Debe la samli litapata siki na kukaa bustanini kwenye majani, litalia huko huko. Ndoo ya mama mkwe nitaipaka rangi, sina moyo wa kuikwangua. Jajja, mdalasini hauvuti siafu?

Jajja Rozmari (Mbarara)
Siafu hapana. Wajukuu ndio wanaoulamba.