Wiki yetu ya Kigoma inachosha macho, tuipange vipi?

Mwanga_Kwetu:
Wakuu habari za jioni. Mnaochangia ile wiki yetu ya mambo ya ziwa naombeni mawazo. Maandishi yaliyomo ni mazuri mno, wazee wa Ujiji wametupa vitu ambavyo huvikuti popote, ila muonekano unakatisha tamaa. Kila ukurasa una rangi zake, kuna mtu kaweka njano juu ya nyeupe, vichwa vya habari vingine mtu kaboldi tu akaongeza ukubwa, na lile jedwali la samaki ukifungua kwa simu linatoka nje ya kioo ukurasa mzima unayumba. Juzi kati nilimwonyesha mama mmoja anayeanika dagaa kule Kibirizi, akasoma mistari miwili akanirudishia simu. Imeniuma maana ukurasa ule wa kuanika kwenye vichanja badala ya mchangani umeandikwa kwa ajili ya watu kama yeye. Tunatumia MediaWiki, ile programu ya kuendeshea wiki. Nibadilishe skini (mavazi ya wiki) nzima au nianzie wapi?

fundi_wa_kurasa:
Mkuu skini iache kwanza. Ukibadilisha skini leo zile rangi zitabaki palepale kwa sababu watu wameziandika ndani ya kurasa zenyewe, msimbo wa style hapa style pale. Hizo ndio za kufuta. Rangi, mipaka, ukubwa wa herufi, vyote vikae sehemu moja, yaani MediaWiki:Common.css, ukurasa wa wiki unaotunza CSS (kanuni za muonekano), ukibadilisha pale kurasa zote zinafuata. Ila kuanzia 2018 ukurasa ule hauhaririwi na kila msimamizi, lazima uwe na haki ya msimamizi wa kiolesura (interface administrator), kwa hiyo mwombe aliyeweka hiyo wiki akupe.

Halafu tengenezeni vigezo (templates), yaani vipande unavyoandika mara moja ukavitumia kwenye kurasa nyingi. Mfano meli: Liemba ina ukurasa wake, mtu kaandika kwa mkono ilitengenezwa Papenburg Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikarudi kazini 1927, vyote vimerundikana kwenye aya moja. Tengeneza Kigezo cha meli chenye nafasi za mahali, mwaka, hali, basi mchangiaji anajaza tu na kila meli inatoka na sanduku lilelile. Mkiwa na TemplateStyles, nyongeza ya MediaWiki, ndio safi zaidi, CSS inakaa na kigezo chake, hamhitaji kugusa Common.css kila siku.

Vichwa tumieni alama == kila upande tu. Vikifika vinne orodha ya yaliyomo inajitokeza yenyewe, na mkiwa na MobileFrontend, nyongeza ya muonekano wa simu, kwenye simu kila sehemu inajikunja, msomaji anagusa anachokitaka. Boldi haikupi hayo.

Nyuki_Tabora:
Nakubaliana na fundi ila jedwali hajaligusa na ndio linalomfukuza yule mama. Njia ya haraka ni kulizungushia div (sanduku la HTML) yenye overflow-x:auto, hapo linateleza lenyewe ukurasa unatulia. Mimi lakini nisingeishia hapo. Jedwali la safu saba halisomeki kwenye kioo kidogo hata likiteleza. Dagaa, mgebuka, kuhe, sangala, kila mmoja mpe sehemu yake fupi: jina, jina la kisayansi kwa italiki, picha, anavuliwaje. Jedwali libaki na safu tatu za kulinganisha, class="wikitable sortable" inatosha, msiongeze rangi.

Picha nazo wekeni neno thumb kwenye msimbo wake, MediaWiki inatengeneza nakala ndogo, la sivyo mtu anakula bando kwa picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera, na huku kwetu mtandao ukiyumba ukurasa haufunguki kabisa. Na hiyo njano juu ya nyeupe ondoeni leo leo, kipimo cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazosomeka na kila mtu, kinataka tofauti ya mwangaza ya 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na njano haifiki hata 2, juani pale mwaloni hakuna atakayeona kitu.

Mwanga_Kwetu:
Asanteni sana ndugu zangu. Swali moja, kuna wazee waliochagua rangi wenyewe, wa mawese kaweka chungwa kila mahali na anaipenda, nikifuta si nitaonekana nimeharibu kazi yake?

fundi_wa_kurasa:
Mpigie kabla hujafuta. Mwambie chungwa lake linabaki, litakuwa mstari wa pembeni kwenye sanduku la kurasa zote za mawese, maandishi yawe meusi. Kaa naye muangalie kwa simu yake, na historia ya ukurasa inatunza matoleo yote kwa hiyo asipopenda mnarudisha.

Mwanga_Kwetu:
Sawa mkuu, nampigia kesho asubuhi, naanza na ukurasa wa vichanja.