Leseni ya daktari wa nyayo Texas: mwisho wa unyayo ni wapi?

Mkazi wa Dallas

Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu ana kisukari, na tangu aje kuishi nasi kutoka Morogoro amekuwa akisumbuliwa na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia. Tulimpeleka kwa daktari wa nyayo katika kliniki ya jirani, naye alikisafisha kidonda kwa uangalifu na kumpa kiatu maalumu cha kupunguza mgandamizo. Wiki iliyopita, hata hivyo, alituambia kwamba kifundo cha mguu nacho kina hitilafu, na kwamba huenda akakifanyia upasuaji yeye mwenyewe. Koti lake limedariziwa herufi DPM, wala si MD za daktari wa kawaida. Ningependa kujua ni nani anayewapa leseni madaktari hawa hapa Texas, na leseni hiyo inawaruhusu kufika wapi.

Muuguzi wa Houston

Pole kwa kuuguza, dada. DPM si cheti cha kozi fupi: ni shahada ya udaktari wa nyayo, yaani podiatria, inayosomewa miaka 4 baada ya masomo ya awali ya chuo kikuu, na kwa kawaida hufuatiwa na miaka 3 ya mafunzo hospitalini, pamoja na mitihani ya kitaifa yenye sehemu 3. Lakini kufaulu mitihani peke yake hakumruhusu mtu kutibu, kwa kuwa leseni hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina sheria yake.

Zamani Texas ilikuwa na bodi ya pekee ya madaktari hawa. Bunge la jimbo liliivunja, na tangu tarehe 1 Septemba 2017 wako chini ya idara ya leseni iitwayo TDLR, ile ile inayosimamia vinyozi, mafundi umeme na magari ya kukokota magari mabovu. Najua inachekesha, ila ipo bodi ya ushauri ya wajumbe 9, ambao 6 ni madaktari wa podiatria na 3 wanawakilisha wananchi. Ingia kwenye tovuti ya TDLR, tafuta jina lake, nawe utaona kama leseni iko hai.

Mzee wa Austin

Uzito uko kwenye kifundo. Sheria ya Texas, sura ya 202 ya sheria za taaluma, inasema podiatria ni kutibu maradhi, majeraha na kasoro za unyayo wa binadamu, ila haikueleza unyayo unaishia wapi. Mwaka 2001 bodi ya zamani ilitunga kanuni iliyoingiza kifundo ndani ya unyayo. Chama cha madaktari wa mifupa na chama cha madaktari wote kwa jumla vya Texas vikaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama ya Rufani ya Austin ikaibatilisha kanuni hiyo kwa kuwa ilivuka mipaka ya sheria. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo ilikataa kuisikiliza kesi hiyo. Sisi tunaosema "mguu" kuanzia pajani hadi kidoleni tungewachosha kabisa majaji wale.

California ni habari nyingine, kwa sababu huko kifundo kimo ndani ya sheria yenyewe, na hata kukata sehemu ya unyayo kunaruhusiwa hadi kiungo fulani. Kwa hiyo hata kama una binamu aliyetibiwa Los Angeles, usilinganishe. Muulize daktari huyo upasuaji utafanyika hospitali gani na hospitali hiyo imemruhusu kufanya nini hasa, kisha tafuta pia maoni ya daktari wa mifupa.

Muuguzi wa Houston

Nyongeza moja: kama kifundo kimevimba na kina joto kuliko cha pili, usisubiri miadi. Kwa mwenye kisukari, mifupa inaweza kuvunjika bila yeye kuhisi maumivu.

Mkazi wa Dallas

Ahsanteni sana. Kwenye tovuti ya TDLR niliwakuta madaktari wawili wenye jina moja, nikalazimika kurudi kliniki kunakili namba kwenye leseni iliyotundikwa nyuma ya meza ya mapokezi. Leseni ni yake na iko hai. Nilipomuuliza kuhusu kifundo hakukasirika, bali aliandika barua ya rufaa kwa daktari wa mifupa papo hapo, naye ataendelea na kidonda. Mama anasema bora hivyo, maana kile kiatu ameshakizoea.