Kitabu cha getini: nani aliwapa ruhusa ya kuanika namba zetu?

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Mdogo wangu wa kike alikwenda ofisi moja ya serikali hapa mjini Mombasa kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Getini soja akamsukumia kaunta buku ileile tuijuayo sote: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, waenda kumuona nani, saa, sahihi. Kalamu imefungwa kwa uzi, kitabu ki wazi juu ya meza, na kila anayeandika asoma ukurasa mzima wa waliomtangulia. Jioni, hata buibui hajavua, simu yalia. Mwanamume asiyemjua amwita kwa majina yake matatu, amwambia alivyovaa, ataka wajuane. Akimfungia, aja na namba nyengine. Nilipokwenda kulalamika, mkubwa wa pale alinijibu: "Mwambie abadilishe laini."

Abadilishe laini! Hiyo ndiyo M-Pesa yake, ndiyo ya chama chake, ndiyo shule ya mtoto yampigia. Tena serikali ndiyo iliyolazimisha kila laini isajiliwe kwa kitambulisho. Wametulazimisha kuviunganisha hivyo viwili, kisha wao wenyewe waviweka mezani asome apitaye.

Sheria ipo. Ibara ya 31 ya Katiba yakataza habari za mtu na familia yake kutakwa au kufichuliwa bila haja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka anayechukua data yako akwambie ni ya nini, achukue inayohitajika tu, na ailinde. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Alifanya vyema. Basi na mageti ya serikali je?

Na hawahawa ndio watakao zaidi. 2019 tulisimama foleni za Huduma Namba, ile namba moja ya serikali ya kumtambulisha kila mtu, na sheria ilikuwa yaruhusu hata DNA zetu zichukuliwe. Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataa DNA; Oktoba 2021 ikasema kadi zimetolewa kinyume cha sheria kwa kuwa athari kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Sasa ni Maisha Namba, iliyokuja badala yake. Mwaka huohuo wa 2021 Wakenya chungu nzima walijikuta wameandikishwa vyama vya siasa wasivyojiunga navyo. Namba zao za vitambulisho zilitoka wapi? Mimi naamini nyingi zilitoka kwenye vitabu kama hiki.

Kwetu Pwani jambo hili lina uchungu zaidi. HAKI Africa, shirika la haki za binadamu lililo hapahapa Mombasa, lilitoa ripoti 2016 ya watu wetu waliouawa na waliopotezwa. Mwaka uliofuata Privacy International, shirika la Uingereza la kutetea faragha, likaandika kwamba vyombo vya usalama vya Kenya hunasa mawasiliano ya watu nje ya utaratibu wa sheria, ilhali kibali cha mahakama ndicho kitakiwacho. Waulizeni wazazi wa Majengo na Kisauni kama waweza kuamini mkono unaojua simu ya mtoto wao iko wapi usiku.

Asije mtu hapa kuniambia eti asiye na kosa haogopi. Mdogo wangu alikwenda kutafuta cheti cha mtoto. Kosa lake lipi?

Malalamiko kwa Kamishna nimeshayapeleka, na sheria yampa siku 90 kuyamaliza. Nataka getini waangalie kitambulisho wakurudishie, na kama lazima waandike, kitabu kikae upande wa soja na namba ya simu isiulizwe. Yeyote yaliyomfika kama haya ofisi nyengine, aandike hapa ni ofisi gani na lini. Majina na namba za watu msiweke.