Nimelipia machweo ya Ziwa Tanganyika siku tatu, nimelazwa na jenereta. Wenye loji za "kifahari" Kigoma, hii ni haki?

Wakuu, salamu kwenu. Anayetaka uzi mfupi apite tu, huu nimeukalia siku nne nikisubiri hasira zishuke na hazijashuka. Jina la loji silitaji, sitaki wasimamizi waufute wala sitaki kuitwa mahakamani. Aliyewahi kulala pale ataijua kabla hajafika katikati.

Mimi na mama Shabani tulioana hapa Tabora miaka kumi iliyopita. Fungate hatukwenda. Hela iliyobaki kwenye harusi ilimtibu mama mkwe, na sijawahi kuijutia hata siku moja. Ila ahadi ilibaki pale pale, kila mwaka inaliwa: mara ada, mara bati, mara pikipiki imeua injini. Mwaka huu nikasema potelea mbali. Nikamuuliza anataka nini, akanijibu anataka siku tatu tu za kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayemwita mama wala mwalimu. Yeye anafundisha darasa la tano, ana watoto themanini shuleni na watatu nyumbani. Nikaona hiyo siyo anasa, hiyo ni dawa.

Tangazo nikaliona kwenye simu. Banda la wawili, kibaraza kinachotazama ziwa, utulivu asilimia mia, ufukwe wa wageni peke yao, boti ya kwenda Hifadhi ya Gombe. Dola 130 kwa usiku.

Hapo kwenye dola ndipo ningeshtuka mapema. Kanuni zilitoka Machi 2025, ni marufuku kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mimi ni Mtanzania, nalala Tanzania, nalipa kwa simu yenye shilingi, dola ya nini? Nikawauliza, wakajibu "ni utaratibu wa mfumo wetu", halafu wakanipigia dola moja kwa shilingi 2,700 wakati benki siku ile ilikuwa haifiki 2,500. Piga hesabu mwenyewe: dola 390 zikawa 1,053,000. Zaidi ya elfu sabini na nane zimepotelea kwenye huo "mfumo". Nikalipa nusu. Upendo unapofusha, wakuu.

Watoto tukawaacha kwa bibi yao Ipuli, tukapanda treni. Safari sina la kulalamika, tumepita Urambo, Kaliua, Uvinza, tumekula karanga na mayai ya kuchemsha kama tuko sekondari. Tukashuka mwisho wa reli, pale kwenye stesheni ya Mjerumani ambako reli ilifika mwaka 1914. Mama Shabani alikuwa amevaa gauni la kitenge alilolishonesha kwa ajili ya safari hii tu. Nikampiga picha mlangoni. Nikiiangalia sasa hivi roho inaniuma, maana anacheka kwa meno yote na hajui kinachomsubiri.

Getini wakadai nusu iliyobaki kabla hata begi halijashuka kwenye bajaji. "Malipo kwanza, kaka." Nikalipa. Baada ya ile meseji ya muamala kuingia, ndipo dada wa mapokezi akaanza kuangalia meza.

"Kaka, kuna mabadiliko kidogo ya chumba."

Tukazungushwa nyuma ya jiko. Chumba kina dirisha moja, na dirisha linatazama ukuta wa tofali, na nyuma ya ukuta kuna jenereta. Si mbali na ukuta, ni nyuma ya ukuta. Kitandani walikuwa wametandika kama kwenye tangazo: taulo mbili zimekunjwa kuwa bata maji wanaobusiana, na maua ya waridi yametupwa shukani. Mmoja wa bata shingo yake ilikuwa nyeusi. Nikadhani ni mapambo. Mke wangu akapitisha kidole, kikatoka na masizi. Akapitisha kwenye neti, masizi. Akatoa leso akafuta mto wake, halafu akaikunja ile leso vizuri, akairudisha kwenye pochi, hakusema kitu. Mnaowajua wake zenu mnaelewa ukimya wa aina hiyo una uzito gani.

Nikamfuata meneja. Kumbe kuna semina. Watu kama arobaini wamechukua loji nzima kwa wiki, na banda letu la ziwani wamepewa wawezeshaji.

"Bosi wangu, hawa ni wateja wa wiki nzima."

"Na mimi niliweka oda mapema kabisa."

"Najua, kaka yangu, lakini nyie ni wenyeji, mtatuelewa. Mngekuwa wazungu hapo kweli ningepata taabu."

Alilisema hilo huku ananishika bega. Nimeandika uzi huu wote kwa sababu ya hilo bega. Chumba kibaya nimelala sana, nimewahi kulala stendi ya Nzega juu ya gunia la mpunga. Lakini hela yangu imetozwa kwa dola kama ya mzungu, na heshima nikapewa ya mwenyeji ambaye "ataelewa".

Utulivu wa asilimia mia ulikuwa hivi. Asubuhi saa mbili kipaza sauti kinaanza: moja mbili, moja mbili. Saa tatu, "makofi ya kilo moja!" na watu wazima arobaini wanapiga. Mchana michezo ya kuchangamsha, wanaimba na kuruka. Usiku wa pili wakawa na sherehe ya kufahamiana, umeme ukakatika, jenereta likawashwa ili muziki usikose. Mpaka saa nane usiku kitanda kinatetemeka. Mama Shabani akaniambia gizani, "Baba Shabani, angalau darasani kwangu kengele ya kutokea ipo."

Ufukwe haupo. Hapa nitakuwa mkweli, ziwa limepanda miaka hii, kila mtu wa Kigoma anajua; maji yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kongo, mvua ikizidi yanakaa. Simlaumu mtu kwa maji ya Mungu. Namlaumu kwa kuendelea kutangaza mchanga ambao umeshazama. Vile viti vya kwenye picha nimeviona, vimerundikwa stoo, na ngazi ya kushukia ufukweni inaishia majini.

Boti ya Gombe nayo ikakodiwa na wanasemina kwenda kupiga picha. Hili limemuuma mwenzangu kuliko jenereta. Kila mwaka anawasimulia wanafunzi wake jinsi Jane Goodall alivyofika pale mwaka 1960 akakaa na sokwe mtu mpaka wakamzoea, na yeye mwenyewe hajawahi kuwaona. Gombe huendi kwa gari, ni majini tu. Tukaambiwa twende Kibirizi tukatafute boti za abiria. Sawa, lakini tumeambiwa saa nne asubuhi, na siku iliyokuwa imebaki ni moja.

Chakula nisiseme sana. Nimekwenda Kigoma nikanyimwa mgebuka, samaki wa ziwa lao wenyewe! Eti ziwa limefungwa. Mwaka 2024 walipositisha uvuvi ilikuwa 15 Mei hadi 15 Agosti, sisi tumekwenda mwishoni mwa Septemba mwaka huu na usiku taa za wavuvi unaziona zimetapakaa ziwani kama mji mzima umehamia majini. Tukala chipsi kuku siku mbili. Chipsi kuku Tabora zipo.

Sasa machweo. Kigoma jua linazamia upande wa Kongo, linaingia nyuma ya milima ile linaacha ziwa lote jekundu, na hicho ndicho kitu nilicholipia hasa. Kutoka chumbani kwetu unaona tofali. Jioni ya pili nikabeba viti viwili vya plastiki, nikaviweka kwenye maegesho, ndiko kulikokuwa na upenyo kati ya Land Cruiser mbili. Tukakaa, nikamshika mkono, jua ndio linagusa mlima. Askari akaja.

"Samahani wazee wangu, hapo magari yanageuzia."

Mke wangu akacheka. Akacheka sana mpaka akajifuta machozi, halafu nikaona machozi yanaendelea na kicheko kimeisha. Nikarudisha viti.

Siku ya tatu tukatoroka kwa bajaji hadi Ujiji. Tukaona pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, tukakaa chini ya miembe saa nzima kimya, ndiyo fungate yetu hiyo. Kisha kwa mama ntilie mmoja tukala mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, sahani mbili shilingi elfu nane. Mama wa watu akauliza kama samaki ametosha. Loji ya dola 130 hakuna aliyewahi kutuuliza chochote.

Wakati wa kuondoka nikaomba warudishe tofauti, kwa sababu hata kwenye tangazo lao chumba cha nyuma kina bei yake na ni nusu. Jibu: "sera yetu hairuhusu kurudisha fedha." Nikaomba risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, wakanipa karatasi iliyoandikwa kwa peni kutoka kwenye kitabu cha risiti za dukani, na hapo wameandika shilingi, dola wamezisahau ghafla.

Meseji zote ninazo, tangazo nimelipiga picha, karatasi ninayo. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: kuna aliyewahi kupeleka lalamiko Tume ya Ushindani akiwa mikoani? Unaandika barua au unakwenda mwenyewe? Na suala la bei kwa dola linaripotiwa wapi, Benki Kuu au polisi? Wale wa "ungeenda Zanzibar" nawaomba mkae pembeni. Kigoma haina kosa, kosa ni la mtu mmoja mwenye geti.

NYONGEZA: Nimepigiwa na meneja mchana huu. Sijui nani kampelekea uzi. Anasema yuko tayari kunirudishia laki mbili, ila kwanza niufute. Nimemwambia mimi nilipewa "malipo kwanza, kaka", na yeye atume kwanza. Akasema atanipigia baada ya dakika kumi. Hiyo ilikuwa saa saba. Sasa ni saa mbili usiku, mama Shabani anasahihisha madaftari, na simu iko hapa mezani.