Tupeane uzoefu: Stroberi kwenye ndoo na viroba, sisi wa nyumba za kupanga

Mwali wa Kimara
Habari za jioni wakuu. Uzi wa yule jamaa wa mchicha kwenye tairi umenichokonoa. Humu tumejaa wapangaji tusio na hata hatua moja ya ardhi, ila ukichungulia vibarazani unakuta ndoo za rangi zina stroberi, madumu yana forosadi. Mwenye kisa akilete, kizuri au cha kulia. Zangu zipo kwenye viroba vya mchele, zimestawi hadi jirani anaulizia majani ya mboga. Tunda bado sijaliona.

Bonde la Usambara
Dada, kama uko Dar jibu unalo. Aina nyingi tunazopanda, Chandler kwa mfano, zinangoja baridi na siku fupi ndipo zitoe maua. Huku Lushoto usiku mche unapata baridi yake. Huko kwenu joto likizidi unatupa vikonyo tu, vile vikamba vinavyotambaa na kuota mche mpya, kila upande mtoto. Kata vikonyo vyote, kiroba kipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Juni hadi Agosti ndiyo dirisha lako.

Pangu Pakavu
Nakazia. Vikonyo ni wezi.

Mama Ndoo
Usikate vyote! Viwili vitatu vilaze kwenye kopo la udongo bila kuvitenga na mama, vikishika mizizi ndipo ukate. Miche ya bure hiyo. Mimi sijanunua tena tangu nianze.

Mpangaji Mzoefu
Mmenikumbusha uchungu. Miche yangu ilitoka Arusha kwa basi, imefungwa kwenye gazeti bichi, ikafika hai yote. Nikaipanda vizuri, moyo wa mche usawa wa udongo, maana ukiufukia unaoza na ukiuacha juu sana unakauka. Maua yakaja. Mwenye nyumba akaona bili ya maji imekuwa kubwa, akafunga bomba, akatuunganisha na kisima chake. Kingo za majani zikawa za kahawia kama zimepitishwa kwenye moto. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Kumbe ni chumvi, na stroberi haina uvumilivu na chumvi hata kidogo. Mchicha wa mwenye nyumba kwenye maji yaleyale ulikuwa unanicheka. Mkiwa na kisima, onjeni maji kwanza. Mimi sasa nakinga ya mvua kwenye pipa.

Fundi Bati
Konokono je? Hakuna aliyewataja. Zungushia majivu.

Kinoo Ghorofa ya Nne
Majivu tena? Jamani! Stroberi inapenda udongo wenye uchachu kidogo, majivu yanauondoa. Na ukijaribu bluberi ndiyo mbaya zaidi, hiyo inataka uchachu mwingi, majivu utaizika nayo. Mimi huku Nairobi niko na ndoo kwenye roshani, konokono hafiki ghorofa ya nne.

Fundi Bati
Nimesema zungushia NDOO, sijasema mwaga ndani. Soma kabla ya kujibu.

Kinoo Ghorofa ya Nne
Mvua ikinyesha majivu yako yanabaki wapi, mzee?

Fundi Bati
Yanabaki kwenye hoja yako.

Mjukuu wa Uswahilini
Acheni konokono. Mimi stroberi zilinihamisha nyumba.

Temeke, vyumba sita, uwa mmoja. Ndoo nilizipanga ukutani, matunda yalipoanza kugeuka rangi kunguru wakayajua kabla yangu. Mtu akanishauri niokote kokoto, nizipake rangi nyekundu, nizitawanye kwenye miche mapema, ndege adonoe jiwe, aumie mdomo, akate tamaa. Nikatumia rangi ya kucha ya mke wangu. Shomoro kweli walikoma. Kunguru wa Dar mnamjua lakini, anabeba hata kijiko. Wakaanza kuzichukua kokoto na kuzidondosha ovyo. Moja ikakutwa kizingitini kwa mama mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na homa. Kesho yake nyingine, ndani ya sufuria yake ya wali iliyoanikwa.

Nilirudi kazini nikakuta uwa umejaa, mjumbe kaletewa kiti. Kokoto zimepangwa kwenye sinia. Naanza kueleza habari za kunguru, watu wanaguna. Mzee mmoja akasema zimwagwe ndoo tuone kilichofukiwa. Wakamwaga, moja baada ya nyingine. Sasa mimi chini ya udongo nilikuwa naweka maganda ya mayai kama mbolea. Yalipotoka yale maganda, mama yule alipiga yowe hadi nyumba ya tatu. Mke wangu analia, mimi nimeshika mche mkononi mizizi inaning'inia. Katikati ya kelele yule mtoto wa homa, ambaye alishapona, akaokota stroberi chini akaila mbele ya mjumbe. Kimya. Akatema, akasema "chachu". Mjumbe akacheka, akaniambia kwa usalama wangu nitafute pengine. Kodi ya miezi iliyobaki sikurudishiwa.

Pangu Pakavu
Maganda ya mayai 😂😂😂 nipo chini

Fundi Bati
Hii chai, tena ya tangawizi. Kunguru abebe jiwe?

Mama Ndoo
Kwangu alibeba pete ya shemeji. Wewe hujaishi Dar.

Mdadisi
Mkuu, mama yule mlipatana? Na kodi kwa nini hukufuata?

Mjukuu wa Uswahilini
Tulipatana, alikuja kuomba mche. Kodi ni stori nyingine.

Bonde la Usambara
Turudi kwenye mada. Kunguru dawa yake ni chandarua kilichochakaa, mabua manne na kamba. Utitiri mwekundu ukiona majani yanapauka, piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani. Na toboeni ndoo jamani, maji yakituama mizizi inaoza.

Mwali wa Kimara
Mjukuu umeuteka uzi wangu lakini nimekusamehe. Kuna mtu mtandaoni ananiuzia mbegu za stroberi za bluu, anasema hazisumbuliwi na joto. Ninunue?

Mpangaji Mzoefu
Stroberi ya bluu haipo duniani, ni picha zilizopakwa rangi. Hata mbegu za ile nyekundu hazikupi tunda kama la mama. Tafuta miche.

Forosadi Tu
Mimi naona mnajitesa. Panda forosadi kwenye pipa, joto la Dar inalipenda. Ukivuna, pogoa, pukutisha majani, inachipua na matunda mapya. Wanangu wanakula hadi mashati yanakuwa ya zambarau.

Mdadisi
Mjukuu, stori ya kodi tunaisubiri.