Dereva deiwaka wa semi: ni mwajiriwa au ana biashara yake?

Kitonga Juu: Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Mimi ni deiwaka, dereva wa kuitwa safari moja moja. Nina leseni daraja E, sina gari, sina mkataba. Tajiri akikosa dereva ananipigia, napeleka mzigo Tunduma au navuka nao mpaka Lubumbashi, nikirudi tunamalizana. Safari hii kampuni moja imenikata asilimia 5. Mhasibu wao anasema ni kodi ya zuio kwa sababu mimi ni "mtoa huduma". Tajiri mwingine hakati kitu, ananihesabia mkononi tu. Sasa mbele ya sheria mimi ni nani? Kama ni mwajiriwa, NSSF yangu iko wapi? Kama ni mfanyabiashara, ni biashara gani hiyo ambayo mtaji wake ni usingizi wangu?

Sadali: TIN, namba ya mlipakodi, unayo? Kama unayo wewe ni mfanyabiashara, kwisha habari.

Rafu Rodi: Sadali soma taratibu. TIN kila mwenye leseni anayo, bila hiyo leseni hupewi. Ile ni TIN isiyo ya biashara. Kwa hesabu yako hata mdogo wangu anayeazima Vitz ya mjomba ni mfanyabiashara.

Sadali: Mdogo wako hajatajwa hapa. Na hiyo "soma taratibu" kawaambie wanao.

Wakili wa Kijiweni: Mwacheni TIN. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 hakijali mmeitana jina gani. Kinauliza nani anakuelekeza kazi, nani anakupangia muda, vifaa ni vya nani, na kama umemfanyia huyo mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu ya mwisho. Likitimia hata moja unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka tajiri athibitishe vinginevyo. Kichwa chake, trela lake, njia kapanga yeye, na kifaa cha kukufuatilia kafunga yeye. Sasa uhuru uko wapi hapo? Labda wa kuchagua kituo cha kula.

Tajiri wa Howo: Naona mahakama imekaa bila mshtakiwa. Mimi nina gari tatu, si kampuni ya ghorofani. Tairi nanunua mimi, mizani faini nalipa mimi, gari likikaa foleni Tunduma nakula hasara mimi. Huyo deiwaka leo yuko kwangu, kesho kwa jirani, tena anakuja na bei yake. Nimfungulie NSSF ya safari moja? Haya, na yale mafuta anayonyonya njiani tuyaandike kifungu cha ngapi cha mkataba?

Rafu Rodi: Umeshaanza. Yaani mtu kauliza kodi, wewe unamwita mwizi.

Mwana wa Makambako: Tajiri hapo umetukosea heshima. Baba yangu kaendesha malori mpaka mgongo umekataa, hajawahi kuuza hata kidumu kimoja. Mnatoa posho ya kula ya siku nne, gari linakaa mpakani siku tisa, mnategemea mtu ale nini? Boliti?

Tajiri wa Howo: Kwa hiyo unakubali wananyonya.

Mwana wa Makambako: Nimesema baba yangu hajawahi!!

Dere wa Ughaibuni: Poleni ndugu zangu. Mimi naendesha lori huku Birmingham. HMRC, yaani TRA ya huku, walishasema wazi kwamba dereva asiye na lori lake ni nadra sana kuwa amejiajiri. Watu walikuwa wanafungua kampuni ya mtu mmoja ili wakwepe makato, Aprili 2021 kanuni za IR35 zikabadilishwa, kampuni kubwa na za kati zikabebeshwa jukumu la kuamua hadhi ya dereva. Wengi wakarudishwa kwenye mshahara. Nanyi mngeanzia hapo.

Sadali: Huko Birmingham kuna mizani ya Mikese? Ukirudi tuletee viatu.

Dere wa Ughaibuni: Ndiyo maana hamuendelei.

Sadali: Na ndiyo maana hurudi. Hata hivyo haya mambo yaliisha 2013 madereva walipogoma Ubungo, serikali ikaamua kila dereva awe na mkataba.

Rafu Rodi: 2015, mwezi wa Aprili. Kilichowasha moto ni amri ya kurudi darasani kila ukihuisha leseni. Mikataba ilikuwemo kwenye madai, na Mei wakagoma tena. Ungekuwepo usingesema yaliisha.

Binti Mhasibu: Mnaolilia mkataba muujue kwanza. Mingi niliyoipitia imeandikwa mshahara laki tatu, kilichobaki chote ni posho ya safari. Toa NSSF ya mfanyakazi, asilimia 10, yaani 30,000. Inabaki 270,000, na PAYE, kodi ya mshahara, inaanzia juu ya hapo. Kodi sifuri, kila mtu anacheka, mpaka siku ya mafao, maana yanakokotolewa kwa laki tatu hiyohiyo. Na tajiri akifikisha wafanyakazi 10 anaanza kulipa SDL, tozo ya ufundi stadi, asilimia 3.5. Ndiyo sababu kuna watu wana gari ishirini na orodha ya wafanyakazi haivuki tisa.

Kitonga, hiyo 5% waliyokukata dai hati ya kodi ya zuio. Bila hati huna cha kuonyesha TRA kwamba ulishakatwa.

Wakili wa Kijiweni: Na mfuko wa fidia, WCF, mmeuruka. Ukipinduka pale mlimani ukiwa "mtoa huduma", mguu ni wako na hospitali ni yako. Mimi kodi ningeiweka nyuma ya hilo.

Tajiri wa Howo: Nyie endeleeni na vifungu. Dar mpaka Tunduma naweka lita 480, gari linafika linaniomba nyongeza. Nani anielezee hilo kisheria?

Rafu Rodi: Kilomita 930 na ushee, mzigo umejaa, mlima Kitonga unaupanda na gia ndogo, halafu foleni ya mpakani injini inawaka. Gari lako la mwaka gani?

Kitonga Juu: Binti Mhasibu, nimempigia yule mhasibu kuhusu hati, anasema mtoa huduma ndiye anayeleta risiti kwanza. Risiti ya EFD, ile mashine ya TRA, natoa wapi mimi?

Mwana wa Makambako: Kitonga subiri kidogo. Tajiri jibu, gari la mwaka gani?

Tajiri wa Howo: La 2012. Na pampu nimebadilisha juzi, msinianzie habari za pampu.

Rafu Rodi: Sindano za dizeli je?