Mwaka wa tatu, naogopa kumaliza chuo. Mnajijengaje moyo?

kijana_wa_mwisho: Wakuu salama? Nasoma sosiolojia hapa Dar, namaliza mwezi wa saba na kila nikifikiria mtaa tumbo linavurugika. Nikifungua Ajira Portal, ile tovuti ya ajira za serikali, nikakuta wanataka uzoefu miaka mitatu nazima simu nalala. CV naweza kuandika, tatizo moyo. Na msiniambie nisikilize motivesheni, nimesikiliza hadi bando limekata.

Mzee wa Sinza: Dogo kujiamini hakuji kwa kuambiwa unaweza. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika tangu 1977 kwamba imani ya mtu kwenye uwezo wake inatokana zaidi na vitu alivyovifanya mwenyewe vikakubali, maneno ya kutiwa moyo nguvu yake ndogo. Field, yale mafunzo kwa vitendo, ulifanya wapi? Ulifanya nini hasa?

kijana_wa_mwisho: Ustawi wa jamii halmashauri. Nilikuwa napokea wamama wanaodai matunzo ya watoto naandika malalamiko yao, yani nilikuwa nakaa tu mapokezi.

Dada Rasilimali: Unakaa tu?? Mama kaja na hasira na mtoto mgongoni, anatoka ametulia na maelezo yake yameandikwa yakaeleweka, hiyo mdogo wangu ndo kazi yenyewe, kaiandike hivyohivyo. Halafu usiwe na njia moja. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Snyder, yeye alisema tumaini lina nia na njia, sasa nyie nia mnayo ila njia ni serikalini basi, ikiziba mnalala kama wewe. Tafuta njia tatu na kila moja uamue kabisa ikigoma utafanyaje, mfano wakikaa kimya wiki mbili basi Jumatatu asubuhi naenda mwenyewe na barua ya kuomba kujitolea mkononi.

Kitaa_kigumu: Yote sawa ila tusimfanye dogo aone tatizo ni kichwa chake, ajira zenyewe ziko wapi? Boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiisha nauli ya kupeleka hiyo barua anatoa wapi?

Dada Rasilimali: Sijabisha, ndo maana aanze sasa hivi boom likiwepo.

kijana_wa_mwisho: Nimewaelewa. Barua ya kujitolea naandika kwa nani, afisa ustawi?

Mzee wa Sinza: Kwa Mkurugenzi wa halmashauri, ila kabla hujaipeleka mpitie yule aliyekusimamia field, akuambie kama wana nafasi.